Nani Atamwosha Mwoshaji

Siku hizi mtaa mzima wa kwetu Kasongo unamsifu mama yangu, na kila nikisikia sifa hizo ninanyanyuka, ninajipangusa kikwembe, ninaondoka. Wanasema alikuwa mama wa wote. Wanasema hatapatikana mwingine. Ni kweli tupu, sibishani nayo. Kinachonichoma ni vinywa vinavyoisema, kwa sababu vinywa hivyo ninavijua vilikuwa wapi siku ile ya Alhamisi alipolala ndani, amekufa, akingoja maji.

Mama alikuwa mwosha wafu. Kwa zaidi ya miaka arobaini, mwanamke Mwislamu akifa upande wetu wa mji, wa kwanza kuitwa alikuwa yeye. Hakulipwa, na hakutaka kulipwa. Hakuwa mwenyeji wa mji. Alizaliwa Lusangi, kwa wakulima Wakristo wa mihogo na mpunga. Baba alimwona huko alipokwenda kununua mchele, akamwoa, mama akasilimu, akaletwa Kasongo. Hapa aliwakuta akina mama wanaojua kutaja babu zao mmoja mmoja mpaka pwani, na waliomtazama kama mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Aliishi nao zaidi ya miaka hamsini, akazaa, akafunga, akaswali, na bado alipopita waliulizana ule mama wa Lusangi ametoka wapi. Kwenye arusi walimkalisha jikoni karibu na masufuria. Hakuitwa chumbani kwa bibi arusi hata mara moja. Ila siku ya msiba walimwita mwenzetu.

Alianza kwa bahati mbaya ya mtu mwingine. Mwanamke alifariki akizaa, mwosha wa zamani alikuwa haoni tena, na akina mama wa mji walitazamana kila mmoja akimngoja mwenzake. Mama akasema atamwagia maji. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake, na wao wakapumua.

Alikuwa na namna yake. Maji ya maiti aliyapasha moto kidogo na kuyajaribu kwa kiwiko, sawa na alivyoyajaribu maji ya kuogesha watoto wachanga. Alisema hata mfu hapendi kushtuliwa. Na alizungumza nao. Aliwaambia geuka kidogo mwanangu, inua mkono, tumekaribia kumaliza. Nililijua hilo kwa sababu nilichungulia mara moja nikiwa na miaka kama minane, na baada ya kuchungulia nikakataa kula bugali wa mkono wake. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mkono wake unanuka wafu. Hakunigombeza. Kuanzia hapo kila siku ya kuosha alimwomba shangazi atupikie, na yeye alikaa pembeni akitutazama tunakula. Afadhali angenipiga kofi.

Nilikua na woga huo, sikuuacha. Nikaolewa, nikaachika, na binti yangu alipofika miaka minne nikamwachia mama, nikaenda Salamabila kupikia wachimba dhahabu. Nilikaa huko miaka mingi kuliko nilivyopanga. Wachimbaji walikula wali na sombe yangu ya majani ya mihogo, na mtoto wangu alilelewa na mama. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyembeba mgongoni mpaka kituo cha afya homa ilipompanda, mwanamke wa miaka sitini na mtoto mgongoni kama bado yuko kwenye uzazi. Alilea pia watoto watatu wa mdogo wangu wa kiume. Mimi nilikuja wakati wa Idi na sukari na vikwembe, nikasifiwa, nikaondoka.

Mwaka mmoja nilifika bila kutangaza. Nikamkuta mama anarudi kutoka nyumba ya msiba, na nyuma yake binti yangu, miaka kumi na mitano, amebeba ndoo. Sikusubiri waingie. Nilisimama njiani nikapiga kelele mpaka watu wakatoka nje. Nilimwambia mama kwamba yeye amezoea harufu ya wafu, asimzoeze mtoto wangu, na kwamba nikisikia tena nitamchukua binti nimpeleke Salamabila. Mama aliniangalia. Akasema, "Nimesikia." Nilipaswa kumjua zaidi. Nimesikia ya mama haikuwa ndiyo.

Mwisho nilichoka na Salamabila, nikarudi nyumbani moja kwa moja. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amenifuata, alibaki huko, na mwaka jana akajifungua. Kwetu binti akizaa, mama yake huenda kumlea mpaka siku arobaini ziishe. Tulimkataza. Alikuwa na presha, na njia ya kwenda huko kupitia Kabambare wakati wa mvua inamvunja kijana, sembuse bibi. Alipanda pikipiki asubuhi moja sisi tukiwa sokoni. Alikaa siku zake arobaini, akamkanda mzazi, akamwogesha mtoto, akarudi amekonda lakini anacheka.

Wakati ule kule Salamabila kulikuwa na ugonjwa wa vipele. Watu wa Kasongo waliuogopa, na mimi siwalaumu kwa kuuogopa. Mama hakuwa nao. Siku ya tatu baada ya kurudi aliwakaangia wajukuu mandazi, mafuta ya mawese yakaruka, yakamchoma mkononi sehemu tatu, pakatoka malengelenge. Nilikuwapo. Nilimpaka asali mwenyewe.

Jirani yetu wa ng'ambo ya njia alikuja kuomba kaa la moto. Ninamwita jirani, lakini mama alikuwa kwake zaidi ya hapo. Alimwoshea mama yake mzazi, na alimwoshea mabinti zake wawili wadogo waliokufa kwa surua wiki moja, akalala kwake siku tatu baadaye kwa sababu mwanamke yule hakuweza kuachwa peke yake. Basi akaona mkono wa mama, akauliza ni vipele gani. Mama alikuwa mtu wa utani. Akamnyooshea mkono, akamwambia, "Ni zawadi ya Salamabila. Nikugawie na weye?"

Jirani hakucheka. Aliliacha kaa la moto jikoni, akaondoka. Jioni mtaa wote ulijua kwamba mama amerudi na ugonjwa. Nilipokwenda kuwaeleza kuhusu mandazi na mafuta, waliitikia kwa vichwa, na mmoja akasema lisemwalo lipo. Nilirudi nikamgombeza mama kwa utani wake. Ndiyo maneno yangu ya mwisho makali kwake, na nilikuwa na haki, na sijali, ningetaka niyarudishe.

Alhamisi alfajiri alianguka akitawadha. Tulimkuta birika limemwagika na yeye ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Nesi alikuja, akasema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Nilimwonyesha na ule mkono. Akatazama, akasema haya ni ya mafuta. Alitoka nje akawaambia hivyo hivyo watu waliokuwa wamesimama njiani. Kabla jua halijapanda mama alikuwa ameshakata roho.

Kwetu maiti hakai. Akifa alfajiri, baada ya sala ya alasiri yuko kaburini. Wanaume walifanya sehemu yao, siwezi kusema hawakufanya. Walichimba, wakaleta sanda, wakakaa kwenye mabenchi. Lakini mabenchi yenyewe waliyapanga ng'ambo ya njia. Uani kwetu hakuingia mtu.

Nilituma watu kwa wale bibi wawili waliokuwa wakimsaidia mama kumwaga maji. Wa kwanza alijibu miguu inamuuma. Wa pili walisema yuko shamba, na nilikuwa nimemwona dirishani kwake asubuhi ile ile. Nilikwenda mwenyewe kwa jirani, nikagonga. Nilisikia watu ndani wakinyamaza. Nikagonga tena, nikasema mimi ni fulani, mama amelala peke yake, njoo unisaidie. Mlango haukufunguliwa. Wazee wanasema fadhila ya punda ni mateke. Kwetu Kasongo hakuna punda, lakini mateke tuliyapata.

Adhuhuri ilipopita mdogo wangu wa kiume aliingia uani. Alikuwa amelia, macho yamevimba, hilo nalo nililiona. Ametumwa na wazee. Walikuwa wamekaa na shehe wakakubaliana kwamba pakiwa na hofu ya ugonjwa, sheria inaruhusu maiti apakwe udongo safi usoni na mikononi kama mtu aliyekosa maji, au amwagiwe maji kwa mbali, kisha avishwe sanda. Mdogo wangu huniita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Akasema, "Yaya, dini haimubebeshi mutu uzito. Tufanye haraka."

Sijui kama wanaume wa ng'ambo ya njia walinisikia, lakini nilikusudia wanisikie. Nilisema mama ameosha wake zao. Ameosha mama zao, na binti zao waliokufa kwa homa, na yule aliyetolewa mtoni upande wa Nyangwe baada ya siku nne, ambaye mume wake mwenyewe alishindwa kuingia chumbani. Nikasema leo wanataka aende na vumbi usoni kwa sababu ya mandazi. Nilimwambia mdogo wangu awaambie wazee kwamba nitamwosha mimi.

Akaondoka. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijui kuosha maiti.

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Mama yangu alifanya kazi hiyo karibu maisha yangu yote, na mimi sikujua hata mtu anaanzia wapi. Nilimkuta mama juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa kikwembe cha kijani, na nilisimama pale na ndoo ya maji baridi mkononi kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba. Niliogopa. Nilimwogopa mama yangu mwenyewe. Niliona aibu hiyo na sikuwa na pa kuiweka, kwa hiyo nikaigeuza hasira, kama kawaida yangu, nikaanza kumsema yeye kwa kufa vibaya.

Binti yangu aliingia bila kubisha. Alikuwa ametimiza miaka ishirini mwaka ule. Mkononi alikuwa na sufuria ya maji yanayotoa moshi, begani vitambaa vyeupe vilivyokatwa tayari, na kifuko cha kafuri ambacho sikujua mama alikificha wapi. Akaichukua ndoo yangu, akachanganya maji, akatumbukiza kiwiko. Akaongeza maji ya moto kidogo. Akatumbukiza tena.

Alinifunga kitambaa mkononi mpaka kwenye kifundo, akanionyesha namna ya kumwinua mama kidogo na kumkanda tumbo taratibu, na kuosha chini ya kikwembe bila kukifunua. Alimtawadhisha. Alimwosha kichwa. Kisha akanipa kata, nikaanza upande ulio karibu nami, na nilikuwa nimesimama kushoto kwa mama.

"Mama," akasema, "kuume kwanza."

Hakusema kwa ukali. Alinishika mkono akanizungusha upande wa pili wa kitanda, kama mtu anavyomvusha kipofu. Nikamwosha mama bega la kulia, mkono wa kulia, ubavu. Yale malengelenge matatu yalikuwa yameanza kukauka. Binti yangu akamwambia yule maiti, "Bibi, geuka kidogo, tunaosha mugongo," na tukamgeuza, na alikuwa mwepesi mno. Hapo nililia. Nililia kwa sauti, nikiendelea kuosha, na binti yangu aliendelea kumwaga maji bila kuyamwaga hovyo.

Mara ya tatu tulitia kafuri. Halafu akasema nywele za mwanamke husukwa mikia mitatu, na kwamba kwa kusuka mimi namshinda. Hilo nililijua. Nilisuka. Nywele za mama zilikuwa chache, nyeupe, laini kuliko nilivyodhani, na nilijua kwamba tangu niwe mtu mzima sikuwahi kumsuka hata mara moja. Yeye ndiye aliyekuwa akitusuka sisi sote.

Tulipokuwa tunamvisha sanda nikamuuliza binti yangu nani aliyemfundisha. Nilijua jibu, nilitaka alitamke.

"Bibi. Tangu uko Salamabila. Na kisha weye kukataza, tuliendelea."

Nikamuuliza kwa nini bibi hakunitii. Alifunga kwanza fundo la miguuni, akalikaza, ndipo akajibu. "Alisema siku yake watu wa hapa hawatakuja. Alisema, miye ni mutu wa Lusangi, watapata sababu. Akasema mama yako ataogopa, utamushika mukono."

Sijapata kusikia maneno yaliyonikasirisha zaidi ya hayo. Miaka yote nilimdhani mama ni mtu mwema asiyeona. Nilimhurumia kwa hilo, nikamdharau kidogo pia, tuseme kweli. Kumbe aliwaona mmoja mmoja, aliwajua mpaka chini, na bado aliamka kila walipomgongea, akapasha maji moto kwa ajili ya maiti zao. Na mimi alinijua. Alijua nitashindwa, akaniandalia mtu. Tenda wema wende zako, watu husema, lakini mama hakwenda zake. Alibaki pale pale, akiosha, akijua.

Alizikwa baada ya alasiri, safi kuliko mtu yeyote aliyezikwa Kasongo mwaka ule, na hilo niliwaambia wazee kwa mdomo wangu.

Siku zilipita, na sisi wawili hatukuugua. Ndipo akina mama wakaanza kuja. Walikuja kwa makundi, na vilio vyao, na mchele kwenye mabeseni, wakakaa kwenye mikeka yetu wakasema mama wa wote ametuacha. Jirani alikuja nao. Alilia kuliko wote, na machozi yalikuwa ya kweli, niliyatazama kwa makini. Binti yangu aliwapikia. Mimi nilikaa chumbani.

Miezi mitatu baadaye dada yake jirani alifariki. Aliletwa mgonjwa kutoka Kabambare, akakaa wiki mbili, akafa asubuhi. Nilikuwa uani ninapepeta mchele nilipomwona jirani anavuka njia. Akasimama mbele yangu. Nilijua amekuja kwa nini, na yeye alijua kwamba ninajua, na nilimwacha asimame. Sikumkaribisha kiti. Sikuacha kupepeta. Mwisho alisema hakuna anayejua kuosha, wale bibi wawili wamezeeka, na dada amelala tangu asubuhi.

Nikamwambia, "Mumumwagie maji kwa mbali."

Niliyasema kwa raha, ninakiri. Niliyaweka maneno hayo miezi mitatu yakiiva, na yalipotoka yalikuwa matamu. Jirani aliinamisha kichwa. Hakujitetea, na laiti angejitetea.

Binti yangu alikuwa ametoka mlangoni, ameshajifunga kikwembe cha pili kiunoni. Akanisogelea, akaushika ungo niliokuwa nao, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ule mufu hakukukosea kitu." Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa na wema wala ubaya ndani yake, ni kazi tu: dada yule ni mnene, na mtu mmoja hawezi kumgeuza.

Nilikwenda. Nisieleweke vibaya, sikwenda kwa sababu moyo umelainika. Nilikwenda kwa sababu mwanangu angevunjika mgongo. Tulimwosha yule mwanamke kuanzia adhuhuri, kuume kwanza, mara tatu, na sikuruka kitu. Nilimsuka vizuri. Alikuwa na kovu refu tumboni la kuzalishwa kwa kisu, na niliposafisha hapo nilijikuta ninamwambia pole mwanangu, tumekaribia kumaliza.

Tulipotoka jirani alikuwa ameketi chini karibu na mlango. Alinishika pindo la kikwembe. Niliinama mpaka uso wangu ukawa karibu na wake, ili watu wengine wasisikie.

"Siku yako ikifika nitakuosha na weye," nikamwambia. "Vizuri, mara tatu. Lakini kasirani yangu itakuwa ingali pale."

Akasema aksanti. Alisema kutoka moyoni, niliona, na hilo ndilo lililonikera zaidi.